Kama Nilimwachilia Tamari Majini

Nyinyi wa kwaya mmeniuliza kila mmoja kivyake, na nimegundua kila nikisimulia nasimulia tofauti. Kwa Mama Nduku nilisema tulikwama jangwani mchana kutwa. Kwa mwalimu wa kwaya nikasema ni kitambo tu. Hiyo si haki. Nimeamua kuandika mara moja, mpitishiane. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Mambo ya tiketi na makaratasi ya kutoka nimeyaruka, hayana utamu.

Riyadh

Mnajua nilikuwa Riyadh kwa kazi ya nyumba. Ambalo wengi hamjui ni kwamba zamani, nikiwa bado msichana, nililea mtoto Nairobi. Wenye mtoto walikuwa Wayahudi, mume na mke, wageni waliokuja na kazi ya kuchimba visima. Hawakujaliwa kuzaa, wakaenda Vietnam wakaleta kasichana kachanga, nywele zimesimama wima kama manyoya ya kifaranga. Wakakaita Tamari. Mimi jikoni, bila kuuliza mtu, nikakaita Mwende, yaani mpendwa. Alikulia mgongoni mwangu. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kunibishia, wakahamia Canada. Nililia kama mtu aliyefiwa, halafu nikatafuta kazi nyingine, kwa sababu kilio hakilipi nyumba.

Hatukupoteana. Kila sikukuu alipiga simu, yake na yangu.

Basi mkataba wangu unakaribia kwisha, simu ikalia. "Anti Mwikali, niko Riyadh. Kazi imenileta, mashine za maabara. Uko mtaa gani?"

Nikamwambia nafunga mizigo, nasafiri kwa ndege ya kutoka Jeddah, kwa sababu mama mzazi wa madam wangu anakaa Jeddah mtaa wa Aziziya na amesema siondoki Saudia bila kumuaga. Tamari akasema, "Basi twende wote, kwa barabara. Nina swali, na siwezi kuliuliza kwenye simu."

Alipofika nyumbani, madam alimkaribisha sebuleni kwa kahawa na tende. Kisha akanivuta kando, akaninong'oneza kwa Kiarabu, "Rafiki yako anatafuta kazi? Dada yangu anataka mtu wa kupika."

Nikasema, "Madam, huyu si mtu wa kazi. Huyu ni mtoto niliyemlea."

"Wewe?" Akamtazama Tamari, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona aibu, akaenda kuleta biskuti za wageni wakubwa. Simlaumu madam. Pale Riyadh, sura kama ya Tamari na sura kama yangu zikiketi pamoja, kila mtu anafikiri ni wafanyakazi wawili siku ya mapumziko. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Tulipobaki wawili Tamari akatoa swali lake.

Lazima niwaeleze kwanza, na mimi si mtu wa sheria zao, naeleza nilivyoelewa. Kwao, mtoto aliyezaliwa nje ya ukoo wao akija kulelewa, huzamishwa mwili mzima katika maji ya asili, mbele ya wanaume watatu wanaojua sheria. Hapo ndipo anakuwa wao kabisa. Kidimbwi cha kazi hiyo hakikuwa karibu, lakini bahari kwao inakubalika, kwa hivyo tukashuka pwani. Mama yake Tamari alikuwa ametoka kupasuliwa, kidonda hakijafunga. Baba yake, pamoja na visima vyake vyote, aliogopa mawimbi kuliko paka. Nikaambiwa, Mwikali, ingia wewe. Nikafunga gauni kiunoni, nikaingia na mtoto. Wale watatu walisimama mchangani kwa mbali. Nikamzamisha, nikamtoa, akapiga chafya, wakaimba. Mimi nilidhani yamekwisha.

Sasa Tamari anaolewa. Rabi wa huko anakofungia ndoa ni mtu makini, anauliza mambo. Akauliza nani alimshika mtoto majini. Akauliza kama yule mshikaji alimbana au alilegeza mkono, hata kwa kufumba na kufumbua, ili maji yamguse kila mahali. Akibanwa, kuna shaka. Wale watatu wa mchangani wote wameshafariki. Baba naye amefariki. Mama yake aliona migongo ya watu tu.

"Rabi anasema kukiwa na shaka, niingie tena," Tamari akasema. "Ni dakika moja tu, anasema. Lakini Anti, nikiingia tena ni kama nakubali kwamba mpaka leo nilikuwa mgeni. Mishumaa yote ile ya Ijumaa niliyowasha. Baba nilimsomea sala kaburini. Kumbe ni mgeni aliyekuwa akisoma?" Akanishika mkono. "Uliniachilia, Anti? Hata kidogo?"

Wapenzi, neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nilijaribu kuona ile bahari, nikaona gauni langu, nikaona chafya. Mikono yangu sikuiona.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Nipe safari hii nifikiri."

Barabara ya Taif

Aliyetubeba ni Wafula, mtu wa Bungoma, dereva wa kampuni ya kusafirisha mizigo midogo. Kwa kawaida huwabeba Wakenya wenzake wanaokwenda Jeddah, kwa ruhusa ya bosi wake, nimeuliza mara mbili. Tulitoka alfajiri ya Alhamisi. Tamari alikuwa ameeleza mapema: Ijumaa jua likizama yeye hapandi gari, hagusi simu, hapiki, mpaka Jumamosi giza liingie.

"Mafi mushkila, hakuna shida," Wafula akasema. "Leo jioni tunakula samaki Jeddah."

Mwanzoni alifikiri Tamari hajui lugha, akawa ananiuliza mimi. "Huyu Mchina wako atakaa mbele ama nyuma?"

"Mchina wake atakaa mbele," Tamari akajibu, "kwa sababu nyuma anatapika. Na si Mchina."

Wafula nusura aingie kwenye lori. "Aisee! Anaongea kama mtu wa Tala sokoni!"

Na kweli. Kiswahili cha Tamari ni changu, na lafudhi yangu ya Kikamba, na makosa yangu. Hana maneno ya ofisi hata moja. Ana maneno ya jikoni, ya kuogesha, ya kukemea. Akikasirika anasema "wewe mtoto, nitakushika!" hata kama anayemkasirikia ni mtu mzima. Wafula alicheka nusu ya jangwa.

Tukasimama kwenye stesheni ya petroli kula. Msichana wa kaunta alikuwa Mfilipino, akamwona Tamari akaangaza uso, akamwaga maneno ya kwao. Tamari akatingisha kichwa. Yule msichana akajaribu tena polepole, kama kwa ndugu aliyesahau kwao. Tamari akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye si wa huko. Yule akaomba radhi, lakini niliona ameumia kidogo, na Tamari pia.

"Kila mahali mtu ananisalimia kana kwamba namjua," Tamari akaniambia tukiwa mezani, "na mimi ndiye navunja salamu."

Wafula aliagiza wali na mbuzi, sinia nzima. Tamari hakugusa, kwa sababu nyama yao inachinjwa kivyao. Nikamtolea mayai ya kuchemsha niliyobeba, na mkate, na nyanya. Akatazama kisu nilichomtolea, kidogo, cha mpini wa buluu.

"Anti. Bado unacho?"

Nairobi tulikuwa na visu vya mpini mwekundu vya nyama na vya mpini wa buluu vya maziwa, na sufuria hivyo hivyo, na ole wako uchanganye. Mwezi wa kwanza niliona ni mateso ya bure, nasema ukweli. Baadaye mkono ukazoea. Walipohama mama yake alinipa kimoja cha buluu, na mpaka leo hakijawahi kugusa nyama. Si kwamba nimeingia dini yao, mnanijua. Ni kwamba kisu kikishakuwa cha maziwa, kitakuwaje cha nyama?

Wafula alikuwa amesikia habari ya swali. Gari ni dogo, na Tamari hakuficha. Akapangusa vidole akasema, "Sasa wewe Mama, si useme tu ulimwachilia? Mtoto aolewe, watu wale keki. Nani alikuwako?"

"Mimi nilikuwako."

"Na umesahau! Mtu aliyesahau anaweza kusema lolote bila kudanganya."

Niwaambie haki, hoja yake ilinipendeza. Niliitafuna kilomita nyingi.

Tulipokwama

Karibu na mji mdogo wa Dhalm gari likaanza kuchemka. Wafula akafungua boneti, mvuke ukaruka, akasema neno la Kibukusu ambalo siliandiki. Tukakaa kwenye kivuli cha gari. Hapa ndipo pale nilipomwambia Mama Nduku kwamba ni mchana kutwa. Ilikuwa ni kuanzia jua la kati mpaka lilipoanza kulegea, basi mhesabu wenyewe.

Gari la polisi wa barabara likasimama. Askari kijana, mpole, akatupatia maji kwanza ndipo akauliza makaratasi. Wafula akatoa ikama yake, kile kibali cha kuishi, nikatoa yangu. Tamari akatoa pasipoti. Askari akaigeuza, akamtazama. Alishaona Wakenya wawili na msichana wa Kiasia asiye na ikama kando ya barabara, na mimi nilijua anafikiri nini: huyu ametoroka kwa waajiri.

"Kafili wake nani?" akaniuliza. Yaani mwenye dhamana yake ni nani.

Kabla sijajibu Tamari alikuwa amenielekezea kidole. Neno kafili alilijua. Wiki moja Riyadh inatosha.

Askari akanitazama, na kilemba changu, na ndala zangu. "Wewe ndiye kafili wake?"

Kwa Kiarabu changu cha jikoni nikasema, "Tangu akiwa mdogo hivi." Nikaonyesha urefu wa dumu la maji.

Meno yake yakaonekana. Akasoma ile visa yake vizuri, akarudisha pasipoti kwa mikono miwili, akampigia simu fundi wa Dhalm anayemjua. Watu husema mengi kuhusu askari wa kule. Mimi naandika niliyemwona.

Wakati tunamsubiri fundi, Tamari akaweka kichwa begani mwangu. "Anti, walinipenda kule Nairobi? Wale wa sinagogi? Sema kweli, mimi nakumbuka peremende tu."

Nikamwambia kweli. Mzee mmoja alimwekea peremende mfukoni kila Jumamosi, na alikuwa mzee mchungu kwa watu wengine wote. Kina mama walimshonea nguo ya kila sikukuu. Na wageni walikuwa wakija, wanamwona kwenye safu ya mbele, wanainama kwangu mimi niliyekaa nyuma, wananiuliza, "Huyu mtoto ni wa nani?" Hata mbele yake. Siku moja, ana miaka mitano, akamjibu mgeni mwenyewe: "Mimi ni wa hapa. Wewe ndiye sikujui."

Tamari alicheka, machozi yakamtoka. "Hilo nililisema mimi?"

"Kwa sauti. Mama yako alitaka kuzama ardhini. Baba yako alitembea wiki nzima amevimba kifua."

Mnaona sasa kwa nini lile swali lilimuuma. Tangu utotoni anaulizwa na wageni. Sasa anaulizwa na wa ndani.

Taif, na mlima

Fundi alilitengeneza gari jua limeshalegea, kwa hivyo Jeddah hatukufika siku ile. Tulilala Taif, mimi na Tamari chumba kimoja cha kupanga, Wafula ndani ya gari kwa hiari yake, kwa sababu alisema fundi yule hamwamini na gari hataki kuliacha peke yake. Asubuhi ya Ijumaa mji ulikuwa umefungwa kimya kwa ajili ya sala, hakuna duka wazi, na Tamari anahitaji mishumaa. Mimi nilisema tungoje. Yeye akasema tukingoja jua litatuzamia mlimani. Hapo tuligombana kidogo, kama zamani. Alishinda.

Mlima wa Hada unashuka kwa mizunguko, na kwenye mizunguko kuna nyani wamekaa ukingoni kama makondakta wanaosubiri gari lijae. Mimi na Wafula tukapiga kelele kwa furaha kama tumeona jamaa. Mmoja akarukia boneti akatazama ndani, akautazama mkate wetu. Tamari akapiga kioo: "Wewe mtoto, nitakushika!" Nyani akashuka. Wafula akasema huyo bila shaka ni wa Ukambani.

Chini kuna mahali barabara inagawanyika, wanaokwenda Makka wanashika njia yao, na sisi tusio Waislamu tunazunguka kwa njia ya kando. Bango liko wazi, hakuna anayekusukuma. Wafula alikunja kona bila hata kupunguza mazungumzo. Tamari ndiye aliyegeuka akatazama ile njia nyingine mpaka ikapotea.

"Haikuumi?" nikamuuliza.

"Hapana. Hii iko wazi. Inasema nani apite wapi, halas, basi." Akarudisha uso mbele. "Ile yangu, niko ndani tayari halafu mtu anakuja kuuliza kama nilipita mlangoni."

Nikamenya chungwa, nikampa nusu.

Aziziya

Tulifika kwa Bibi, yule mama wa madam, jua likiwa bado juu ya matangi ya maji ya paa. Mishumaa tuliipata dukani pale mtaani, ile minene ya kuwasha umeme ukipotea. Bibi ni mtu mzima sana, miguu imevimba, akili kali. Mwaka mzima alipokaa kwetu Riyadh nilikuwa namkanda miguu, na yeye ananifundisha kutukana kwa Kiarabu cha Hijazi, kwa upole.

Alikuwa ametengeneza chakula cha kuniaga, mbuzi na wali, sinia ambayo watu wawili waliibeba. Akamketisha Tamari karibu naye, akachagua pande nono, akaliweka mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Tamari akanitazama. Kukataa tonge la mwenyeji mzee ni tusi, na kueleza sababu, katika nchi ya watu, sikujua kutazua nini.

Tamari akanisaidia kwa kusema mwenyewe, kwa Kiingereza, nami nikatafsiri kwa sauti ndogo kwamba yeye ni Yahudi na nyama yao ina masharti.

Bibi akakodoa. "Yahudi? Na uso huu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ajabu ya Mungu." Akamwita msichana wa jikoni. "Mletee mayai. Na samaki, kama mko naye. Samaki anakula? Basi mpeni samaki, mbona mnamtazama mgeni ana njaa?" Lile pande nono akalihamishia kwangu. Hivyo tu. Nilikuwa nimeogopa tangu Riyadh.

Tulipokwisha kula Bibi akataka kujua kila kitu, nikamweleza mpaka swali la mkono. Alisikiliza amefumba macho.

"Ulimnyonyesha?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Sikuwa nimezaa."

"Kwetu ungemnyonyesha, ingekuwa imekwisha. Maziwa yakishaingia, hakuna kuuliza." Akafungua jicho moja. "Lakini hilo la kumwachia mtoto baharini, nani amelitunga? Mwanamke gani mwenye akili anamwachia mtoto baharini?"

Nikamtafsiria Tamari. Akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Jioni ile, jua likielekea kuzama, Tamari aliwasha mishumaa miwili katika chumba kidogo cha wafanyakazi tulichopewa, juu ya sanduku langu la safari. Akaizungushia mikono hewani, akafunika macho. Nilimfundisha mimi kutounguza vidole. Maneno alifundishwa na mama yake. Sikuimba, si wimbo wangu. Nilishika tu mlango usipeperushe moto. Nilimtazama nikafikiri, huyu akiwa mgeni hapa, basi mimi sijui mwenyeji ni nani. Na bado sikuweza kusema "ndiyo".

Jumamosi tulikaa kimya, Bibi akalala, Tamari akasoma kitabu, nikakunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Obhur

Ndege yangu ilikuwa Jumapili jioni, yake baadaye. Asubuhi Tamari akasema, "Anti, twende baharini. Sitaki kuondoka bila kuoga bahari."

Wafula alikuwa na mzigo wa kushusha bandarini, akatupitisha kwanza Obhur, nje kidogo ya mji, kwenye ufuo ambao familia huja. Asubuhi hakukuwa na watu ila baba mmoja na wanawe, mbali. Tuliingia na nguo zetu zote. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, safi, unaona vidole vya miguu. Yalipofika kiunoni Tamari akasimama.

"Nishike kama siku ile."

"Wewe ni mzito sasa."

"Majini hakuna mzito."

Akajilaza. Nikapitisha mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya shingo. Nywele zake zikatawanyika. Uso umeelekea juu, macho yamefungwa, kama nilivyomjua tangu mchanga, kabla sijamjua mtu mwingine yeyote hivyo. Akavuta pumzi, nikamzamisha. Nikamtoa. Hakupiga chafya.

"Tena," akasema. "Sasa niachilie kidogo. Hata kidogo tu."

Nikamzamisha. Nikaiambia mikono yangu, legea. Namaanisha niliiambia kabisa, kwa maneno, ndani ya kichwa. Kina cha maji ni kiunoni. Yeye ni mwanamke mzima, anaogelea kuliko samaki, anaweza kusimama akitaka. Mikono ikakataa. Kidole gumba kilikuwa kimejifunga kwenye nguo yake begani, sikukituma mimi. Nikamtoa.

"Tena," akasema.

Mara ya tatu ilikuwa vile vile. Ndipo nikajua. Si kwamba nilikumbuka, msije mkasema nilikumbuka. Kumbukumbu haikurudi, mpaka leo ni gauni na chafya tu. Ila niliijua mikono yangu.

"Mwende," nikamwambia. Sikuwa nimemwita hivyo miaka mingi. "Siwezi kuapa. Lakini sikukuachilia. Hata wangeniambia, na pengine waliniambia, nisingeweza. Umeona mwenyewe."

Alisimama, maji yanamtiririka. Nilijua nimemharibia. Nilijua pia kwamba lile neno dogo la "ndiyo" lilikuwa bado linapatikana, Wafula yuko kwenye gari, hakuna aliyesikia.

Kisha Tamari akaangalia bega lake. Nguo ilikuwa imekunjamana pale nilipoishika, alama ya kidole gumba imebaki. Akaigusa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka yule baba wa mbali akageuka. "Anti, ulitaka kunichana nguo!"

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Akanikumbatia, wote tumelowa. "Nimeona. Basi."

Wafula alipotuona akalaani viti vyake. "Mama, umesema?"

"Nimesema sikumwachilia."

Akapiga usukani. "Wakamba!" Lakini alituwekea redio, na kule bandarini alitununulia chai.

Uwanja wa ndege, na nyumbani

Pale uwanjani Tamari alinipa mishumaa iliyobaki, nusu nusu, kwa sababu alisema forodha ya kwao itamsumbua, nami nikampa kile kisu cha buluu akiweke kwenye sanduku kubwa. Alikitazama sana. "Nyumba yangu haina vyombo bado," akasema. "Hiki ndicho cha kwanza." Kisha wakaita ndege yangu.

Mengine mnayajua: nilifika, mkanipokea kwa nyimbo, mbuzi wa Mama Nduku akachinjwa.

Juzi ukaja ujumbe wa sauti. Nauandika kama alivyousema, nimeurudia mara nyingi nisikosee.

"Anti, nimeingia. Kidimbwi chao kina ngazi na maji ya moto kidogo, ungependa. Rabi aliniuliza kwa nini nimebadili nia. Nikamwambia nimepata shahidi. Akasema, shahidi anasema alikuachilia? Nikasema hapana, anasema hakuniachilia. Alitaka kunipa jibu zuri akashindwa, sasa kama aliyenileta kwenu ni mtu wa namna hiyo, asiyeweza kuniachilia wala kudanganya, mimi sikuwa mgeni siku hata moja. Kuingia naingia, lakini naingia kama mtu wa nyumbani anayepitia mlango. Rabi akavuta karatasi. Akasema, andika hivyo kwa mkono wako, nami nitaweka sahihi chini. Ameweka, Anti. Nimeingia peke yangu, mwanamke mmoja anatazama tu kutoka kwenye ngazi. Maji yamenigusa kila mahali. Nilipoibuka niligeuka upande wa kushoto kuutafuta mkono wako. Hakuna shida. Ni mazoea tu."